Nukta ya Ng'ambo ya Korongo

Mama mshonaji alizijua suruali za mkwewe kuliko mwenyewe aliyezivaa. Kila Jumapili bintiye alimletea moja, imechanika gotini au makalioni, imejaa miiba na matope. Na kila Jumapili, huku akikanyaga cherehani, mama alijiuliza ni mwanamke gani huyo anayekaa vichakani.

Maana kesi yenyewe ilikuwa hiyo. Mkwe alikuwa fundi wa friji, mpole, hajui hata kugomba. Lakini kila Jumamosi alfajiri aliondoka, akarudi jioni amechoka hoi na uso umemng'aa. Ukimuuliza Ijumaa kesho yake anakwenda wapi, anakujibu bila hata kupepesa macho, "Bado sijajua. Namba zitasema asubuhi." Mume gani anafunga safari hajui aendako? Simu nayo mchana kutwa haipatikani. Mke alivumilia mpaka akachoka. Mwisho alibeba begi lake, akahamia kwa mama yake, akawa analala chumba cha cherehani katikati ya marobota ya vitambaa vya sare.

"Usifungue begi kwanza," mama alimwambia. "Jumamosi nakwenda naye mimi mwenyewe. Nikirudi nitakwambia kama unalifungulia hapa au kwako."

"Na ukimkuta huyo mwanamke?"

"Nikimkuta, mumeo atarudi bila suruali ya kushona."

Mkwe alipoambiwa, mama alitegemea atababaika. Wapi! Alifurahi kama mtoto aliyeahidiwa safari. Asubuhi alikuja na pikapu yake, amebeba maji, mikate na mayai ya kuchemsha, na njia nzima akamweleza mchezo wake. Kuna hesabu, alisema. Kila siku kompyuta inachukua tarehe na bei za soko la hisa la mbali huko, inazichanganya, inatoa nukta moja kwenye ramani ya kila eneo. Inaweza kuangukia ziwani, sokoni, au jikoni kwa mtu. Leo imeangukia kwenye korongo la mto, kule milimani. Wachezaji wanaifuata, wakifika wanaandika wamefika.

"Na mkifika mnapewa nini?"

"Hatupewi kitu, mama."

"Hata soda?"

"Hata soda."

Mama akageukia dirishani. Mtu akitaka kudanganya, alijisemea, si atunge kitu chenye akili kidogo? Lakini hakutaka kumwamini upesi hivyo, kwa sababu bintiye alikuwa mmoja tu.

Waliacha gari mwisho wa barabara, wakashika kijia cha mbuzi. Njia ilipanda, ikashuka, ikapanda tena kwa hasira. Miiba ilimshika mama sketi, akaing'oa, ikamshika tena. Mkwe alitangulia akimsogezea matawi, kila baada ya muda anageuka kuuliza, "Mama, tupumzike?" na mama, ambaye pumzi ilikuwa imemwishia zamani, anajibu, "Nani kasema nimechoka?" Chini kabisa mto ulinguruma. Upepo ulikuwa baridi na msafi, na mama alishangaa kujikuta anaufurahia.

Kisha wakafika pasipopitika. Mbele yao palikuwa na mwamba mpana ulioinamia korongoni, maji yakiutiririkia. Mkwe aliangalia simu, akanyoosha kidole. Nukta ilikuwa ng'ambo, kwenye kile kichaka cha majani. Ungeweza kurusha jiwe likafika.

"Ukiwa peke yako ungevuka?" mama aliuliza.

"Ningejaribu." Aliupima mwamba kwa macho. "Lakini nikiteleza, wewe utarudije? Basi, mama. Tumeishia hapa."

Mama alimwonea huruma. Uso wa yule kijana ulikuwa umesinyaa kidogo, tena kwa ajili yake.

"Si uandike tu umefika," alimwambia. "Nani atakuja huku kukagua?"

Mkwe alimtazama kana kwamba amemwambia auze gari la jirani. "Lakini mama, hatujafika."

"Najua. Nasema nani atajua?"

"Hakuna atakayejua," alisema. "Ila hatujafika." Akaketi juu ya jiwe, akaandika huku akijisomea kwa sauti: "Hatukufika. Mwamba una maji. Nilikuwa na mama. Siku nzuri sana." Akaweka simu mfukoni, akaanza kumenya yai, na lile la kwanza akampa mama.

Mama alilishika yai bila kulila. Aliona aibu kwa yote aliyoyawaza huku akikanyaga cherehani, na nyuma ya aibu ikaja furaha, nzito na tulivu, ambayo hakuwa nayo tangu begi lile liingie nyumbani kwake. Kisha akala yai, akaomba na la pili.

Walipokaribia gari mtandao ulirudi, na simu ya mama ikaita hapo hapo.

"Mama! Umemkuta nani?"

"Jiwe. Na penyewe hatukufika."

"Sasa nifanye nini?"

"Beba begi urudi kwako, mwanangu. Huyu hawezi kulidanganya hata jiwe, atakuanzaje wewe?"

Bintiye alicheka huku analia, au alilia huku anacheka. Mtandao ulikuwa wa kukatikakatika. Mama alisubiri amalize. Alitazama sketi yake, imechanika kutoka pindo hadi gotini, na mkwe wake anayejifanya anakagua tairi ili asionekane anasikiliza.

"Na wewe, mama, unakuja kwetu Jumamosi ijayo?"

"Jumamosi ijayo nina safari."

"Ya wapi tena?"

"Bado sijajua," mama alisema. "Namba zitasema asubuhi."