Magunia Yaliyokuwa Juu ya Chumba cha Watoto

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, Emerensiana, mkulima wa Kasense, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, alimpokea nyumbani kwake fundi seremala aliyeitwa Abdulnasir. Alimkaribisha kwa chai ya moto, kwa kuwa upepo wa asubuhi ulikuwa mkali. Hata hivyo, kabla ya kummiminia chai hiyo, alikwisha kukifunga kwa kufuli chumba chake cha kulala, ambamo mahindi yalikuwa yamerundikwa kwa muda.

Kazi iliyomleta fundi ilikuwa moja tu. Dari ya zamani, iliyokuwa ya fito na udongo, ilikuwa imeliwa na mchwa, na mahindi hayakuwa na mahali pengine pa kukaa hadi mavuno mengine. Dari mpya ya mbao ilitakiwa ijengwe juu ya chumba cha watoto. Modesti, mume wa Emerensiana, alikuwa kijiji cha Kaengesa kwa kibarua cha ujenzi, naye alikuwa amemwachia mkewe uamuzi wote.

Fundi alikipima chumba, akazigonga kuta kwa vidole, kisha akauliza, "Mama Edith, huku juu mtapandisha magunia mangapi?"

Emerensiana aliutupia jicho mlango wenye kufuli. Swali kama hilo huulizwa na mtu mwenye nia yake. Mkulima hamtajii hata shemeji yake hesabu ya mavuno, sembuse mgeni. Zaidi ya hayo, kila mtu alijua kwamba Bashiri, mdogo wake fundi huyo, alikuwa mnunuzi wa mahindi mwenye lori lake mwenyewe.

"Matano," alisema.

"Matano! Na lile shamba nililolipita nikija, lenye mabua mpaka bondeni?"

"La jirani."

Albina, wifi yake Emerensiana, alikuwa ameketi uani akipepeta ulezi. Aliguna, akasema kwa Kifipa kwamba mtu anayehesabu magunia ya wenzake hajengi dari, bali anajitengenezea njia ya kuingilia.

Fundi alimjibu kwa Kifipa kilichonyooka kwamba njia ya kuingilia ni mlango, na kwamba yeye hakuitwa kutengeneza mlango.

"Kumbe unasikia!" Albina alishtuka, ungo ukamponyoka.

"Nimezaliwa hapa hapa Sumbawanga, shangazi. Ulidhani nimeshushwa na basi jana?"

Wakacheka wote watatu, lakini kicheko cha Emerensiana hakikufika mbali. Mtu anayezielewa lugha zote za nyumba, aliwaza, hafichwi jambo.

"Nani analala humu?" fundi aliuliza.

"Kwa nini unataka kujua watu wanalala wapi?"

"Kwa sababu mzigo utakaa juu ya vichwa vyao."

"Wanalala watoto."

"Basi nakuuliza kwa mara ya pili, mama. Magunia mangapi?"

"Nimekwisha kukuambia. Matano."

Abdulnasir akakunja futi yake. "Haya. Nyumba ni yako."

Alijenga kwa mbao za inchi mbili kwa nne, akiziachia nafasi pana kati ya moja na nyingine. Wakati wote wa kazi Emerensiana aliketi karibu na mlango akipukuchua mahindi machache, asiondoe macho yake. Fundi alipotoka nje kupokea simu, Albina alimfuata na ndoo, kama mtu anayekwenda kuteka maji. Alirudi na ndoo tupu.

"Wifi, anazungumza na Bashiri! Nimesikia kwa masikio yangu: 'Ngoja kwanza nimalize, ndipo uje na gari.'"

"Na gari? Gari la nini?"

"Mimi nitajuaje? Labda anakuja kukusalimia."

Fundi alipomaliza na kuondoka, aliacha milunda yake, ile miti mirefu ya kuegemezea dari wakati wa kazi, imeegemezwa kwenye ukuta wa nyuma, akasema ataifuata. Emerensiana aliiangalia milunda hiyo, akaona ni kisingizio cha kurudi. Ndipo yeye na wifi yake walipoharakisha kuyapandisha mahindi yote, debe baada ya debe, wakiyajaza magunia huko juu, wakaongeza na ulezi, wakafunga mlango wa dari kwa kufuli. Hakuna jicho, waliambiana, litakaloona kilichomo.

Siku zilizofuata vumbi lilianza kudondoka juu ya vitanda. Kisha dari ikawa inalia, mlio mfupi, kama wa mtu anayehamisha mguu. Albina aliapa kwamba kulikuwa na mtu juu. Emerensiana alipanda ngazi na panga mkononi, akafungua kufuli, akamulika kila pembe. Hapakuwa na mtu. Alishuka akiwa na shaka nyingine: fundi ameweka mbao mbovu kwa makusudi.

Adhuhuri moja Edith, binti yake wa darasa la pili, alirudishwa kutoka kwenye masomo ya likizo akiwa na homa, akalazwa. Mama yake alipompelekea uji, mlango wa chumba, uliotazama uani, ulikataa kufunguka. Aliusukuma kwa bega. Haukutikisika. Kutoka ndani ulisikika mlio wa mbao inayopasuka, na mtoto akaita, "Mama, juu kunashuka!"

Emerensiana alipiga yowe. Majirani wakafurika uani. Albina alikuja na shoka, akalinyanyua ili auvunje mlango, na wakati huohuo lori la Bashiri likaingia.

 Leo leo wamechagua kuja, Emerensiana aliwaza.

Abdulnasir aliruka kutoka garini kabla halijasimama. "Shangazi, weka shoka chini! Mlango ukikwama hivyo, dari imelala juu ya fremu. Ukiutoa mlango huo, vyote vinashuka!" Akachungulia kwa dirisha, akageuka. "Mama Edith, juu kuna magunia mangapi?"

Majirani wote walikuwa wakisikiliza. Bashiri alikuwa amesimama kando ya lori lake tupu.

"Usiangalie gari," fundi alisema. "Niangalie mimi. Nikikosea mzigo, ninakosea egemeo. Mangapi?"

"Ishirini na mawili," Emerensiana alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Na ulezi magunia matatu."

Mtu mmoja nyuma alipiga mluzi.  Fundi aling'oa kibao cha dirisha, akaingia, akampitisha Edith mikononi mwa mama yake. Kisha Bashiri na majirani wakampitishia milunda mmoja mmoja, naye akaisimika chini ya boriti mpaka ule mlio ukakoma.

Alipotoka alikuwa mweupe kwa vumbi. Emerensiana, akiwa bado amemkumbatia mtoto, alimwuliza, "Gari lilikuwa la nini?"

"La kubeba milunda yangu. Ulitaka niibebe kichwani mpaka mjini?"

"Na ulijua kwamba nilikudanganya?"

"Nilijua. Njia ya shamba la jirani haiishii mlangoni kwako." Akapangusa uso. "Nilidhani unataka nikupunguzie gharama, nikashikwa na kiburi, nikasema ngoja nimpe dari ya magunia matano. Nilitakiwa kuikataa kazi. Mtoto angefia chini ya kiburi changu na siri yako."

 Mahindi yaliteremshwa alasiri hiyo na fundi, Bashiri na majirani, na Emerensiana akasimama mlangoni akilisindikiza kila gunia kwa macho, kwa maana shaka haimtoki mtu siku moja.

"Angalia tu, mama," Abdulnasir alimwambia akipita na gunia begani. "Mimi pia ningeangalia."

Wewe uliyeisoma habari hii, usiikunje na kuiweka. Mpe jirani anayejiandaa kumwita fundi, na kama hajui kusoma, keti naye umsomee mpaka mwisho, kabla mbao hazijapandishwa.