Tundu Chini ya Taya

Hakuna aliyelitamka neno ukoma mbele ya Modesta. Wanawake walinyamaza tu alipofika kijitoni, wakasogeza mitungi yao kando, naye akaelewa.

Chini ya taya lake la kushoto palikuwa na tundu dogo, kama limetobolewa kwa msumari. Lilivimba, likapasuka, likatoa usaha, kisha likakauka hata mtu angedhani limepona. Baada ya muda likaanza upya. Wala halikuuma. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwa maana pale milimani kila mtu alijua kuwa ukoma hauumi. Mganga mmoja alilichoma kwa chuma cha moto, akalipaka dawa. Likafunga, likafunguka tena.

Ulikuwa wakati wa Wajerumani. Jumbe alikuwa ametangaza kwamba mwenye ukoma asifichwe. Apelekwe kambini kwa wenziwe, akae huko hadi kufa kwake. Modesta akawa anajitanda shuka mpaka kidevuni, hata juani akipalilia maharage.

Siku wifi yake Magdalena alipokuja kumchukua mtoto Felista, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, Modesta hakubisha.

"Ni kwa usalama wake, wifi," Magdalena alisema, bila kuvuka kizingiti.

Benedikto, mume wa Modesta, aliinama akaendelea kuchonga mpini wa jembe uliokwisha kuchongwa.

Huko milimani mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Habari zikamfikia mjomba wake Modesta, mzee Fransisko. Alipanda mlima siku hiyo hiyo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mtoto wa ukoo wetu kachukuliwa na watu wa mumeo, nawe umekaa kimya? Fungua hilo shuka nione."

Akafungua. Mzee aliinama akalitazama tundu.

"Kesho tunashuka Morogoro kwa daktari. Askari wakikujia watakufunga kamba, na hapo hakuna atakayekuuliza kitu."

"Na akisema ndio wenyewe?"

Mjomba akamfunika shuka tena hadi kidevuni.

Njiani Modesta alitaka kukimbilia msituni, akashindwa kwa kuwa mzee alikuwa nyuma yake, akihema. Walipofika mjini gari moshi likapiga honi, naye akachuchumaa pale pale barabarani. Alidhani hilo ndilo litakalompeleka kambini.

Daktari alikuwa Mjerumani mwenye Kiswahili cha kukatikakatika. Msaidizi wake, Yunusi, mtu wa pwani, ndiye aliyemweleza. Alitakiwa afumbe macho, achomwe sindano, aseme anaposikia, kwa kuwa ngozi yenye ukoma haisikii kitu.

"Nasikia," Modesta alisema. "Nasikia! Nasikia, bwana!"

"Mama," Yunusi alisema taratibu, "subiri sindano ifike kwanza."

Akasubiri, jasho likimtiririka mgongoni, akiogopa kwamba itafika asijue. Ilifika mkononi. Ikafika shavuni. Ikafika pembeni mwa tundu lenyewe, akaruka kwa maumivu.

Daktari akamfungua kinywa.

"Kuna jino lililowahi kukuuma?" Yunusi aliuliza.

Lilikuwapo. Gego moja lilimliza wiki nzima alipokuwa na mimba ya Felista, kisha likaacha lenyewe, naye akamshukuru Mungu. Daktari akachukua waya mwembamba, akauingiza kwenye lile tundu. Ukaenda, ukazidi kwenda, ndani kabisa ya taya, hadi ukagota kwenye kitu kigumu.

"Jino limekufa," Yunusi alisema. "Lilipoacha kuuma ndipo lilipokufa. Uozo umekaa kwenye ncha ya mzizi, ukala mfupa polepole, usaha ukatafuta pa kutokea. Ngozi yako haina ugonjwa."

"Kwa hiyo si..."

"Si ukoma."

Hakupata nafasi ya kufurahi, kwani Yunusi alikwisha kumshika kichwa na daktari ameshika koleo. Mfupa ulilia ndani ya fuvu lake. Gego likatoka, na kwenye ncha ya mzizi kilining'inia kifuko kidogo chekundu, kama punje ya kunde. Kisha kikaja kijiko cha chuma, kikikwangua ndani ya pengo kama mtu anayekwangua ukoko chunguni. Modesta aliamini anafia pale, na damu yake mwenyewe kooni.

Hakufa. Alisukutua maji ya chumvi, usaha ukakatika, tundu likajifunga likaacha kibonyeo. Jumbe alikuja kukitazama, akakibonyeza kwa ncha ya fimbo, akaondoka. Magdalena akamrudisha Felista, na mtoto akawa anamlilia shangazi yake, mama mtu amekaa kando anasikiliza.

Asubuhi moja Modesta alikuwa shambani peke yake, akamwona jirani yao Petro, mrina asali, amesimama mbali.

"Nasikia lilikuwa jino tu."

"Ndiyo, kaka Petro. Jino."

Petro akavua shati. Mgongoni na mabegani alikuwa na mabaka yaliyofifia rangi, na kiganjani jeraha bichi la moto.

"Nilishika kaa la moto nikifukiza mzinga. Sikusikia. Labda na mimi ni jino. Nitazame, dada. Wewe umeshaona lilivyo."

Akapiga magoti katikati ya matuta, akafumba macho, akafungua kinywa kuelekea jua. Modesta alihisi miguu ikimvuta nyuma. Akasogea. Meno yote yalikuwa meupe, mazima, yamesimama imara kwenye ufizi.

Petro alingoja, kinywa wazi. Modesta akaanza tena upya, jino moja baada ya jingine, akitafuta walau moja lililooza.