Sauti Nyuma ya Pazia la Kulusum

Jamani, wivu! Ukimwingia mtu wa maneno, hata mate yake hugeuka shubiri. Na Sowedi alikuwa mtu wa maneno. Pale Bwera hakuna kibanda cha filamu kisichomjua: yeye ndiye VJ, anayekaa nyuma ya pazia na maiki yake, picha zinakwenda, naye anawapa watu kwa Kiswahili kila anachosema Mhindi, Mchina na Mmarekani. Waigizaji wanafungua midomo tu. Anayesikika ni Sowedi. Siku za soko, watu wanapovuka mpaka kutoka Congo, huuliza kwanza mlangoni: leo anaongea nani? Wakiambiwa Sowedi, wanaingia.

Sasa Maate naye akatengeneza filamu. Maate yupi? Huyuhuyu aliyekuwa akipiga picha za harusi Kasese, aliyekula sana ugali wa Sowedi miaka ile walipokuwa wakiota pamoja kwamba siku moja watatengeneza filamu ya watu wa huku, si ya kuletewa. Waliota wawili, akaamka mmoja. Maate alipata kamera kuukuu, akawakusanya wanaume wa Nyakalengija wanaobeba mizigo ya watalii mlimani, akamchukua Docus, fundi cherehani ambaye hajawahi kuigiza popote isipokuwa kanisani, akamfanya nyota. Sowedi hakuitwa hata kushika taa. Habari alizisikia redioni, mtangazaji akisema "mwongozaji wetu Maate", naye akaizima palepale.

"Mwongozaji!" alimwambia mkewe Saudah. "Mtu hajui kuongoza hata mbuzi!"

"Kijiba cha roho hicho, baba Hamim," Saudah akamjibu huku anachambua maharage. "Kitakuua."

Halafu, bila haya, Maate akaja mpaka Bwera kumwomba msaada. Filamu yake ilikuwa ya Lhukonzo, lugha ya watu wa mlimani, na Kulusum, mwenye kibanda, alikuwa amempa alasiri moja ya siku ya soko aionyeshe. Watakaokuja ni madereva wa malori na wachuuzi wa kila kabila. Bila sauti ya Kiswahili nani atakaa?

"Kulusum amesema watu wakikaa mpaka mwisho, kila Ijumaa kibanda ni chetu, tuonyeshe filamu za hapa," Maate alisema. "Wakitoka, basi, mimi narudi kwenye harusi. Nisaidie, ndugu yangu. Mwingine sina."

"Mimi tena nikunyime?" Sowedi akacheka, akamshika bega. Moyoni alikuwa ameshaanza kuchota mchanga wa kutia kwenye kitumbua cha mwenzake.

Siku ikafika, kibanda kikajaa. Picha ya kwanza tu ilipotokea ukutani, Sowedi akaanza.

"Mabibi na mabwana, hii filamu ni ya Maate wa Kasese. Mukiona picha inatetemeka, musiogope, haiko tetemeko la ardhi. Iko njaa ya mwenye kamera!"

Watu hoi. Docus akatokea, anamuaga mume wake anayepanda mlimani, machozi yanamlengalenga.

"Huyu mama analia nini? Amekumbuka gauni ya mutu yenye alichoma na pasi!"

Loo, vicheko! Sowedi alichungulia penye tundu la pazia. Maate alikuwa benchi la mbele; mwanzoni alicheka kwa adabu, kisha mabega yakamshuka. Sowedi aliona raha, sitaki kudanganya, raha tamu kama muwa. Dereva mmoja akasimama, akasema huu ni upuuzi, twende zetu. Wengine wakaanza kumfuata. Kulusum akakunja mikono mlangoni, na filamu ya Maate ikawa inakufa mbele ya macho yake.

Ndipo vikaja viatu.

Mume wa Docus, katika hadithi ile, anafia kwenye theluji huko juu, na wenzake wanashuka na viatu vyake tu. Docus anavipokea, kamba zake bado zimefungwa fundo, anakaa kizingitini, anavipakata. Maate alikuwa ameiacha kamera imtazame tu hapo. Hakuna muziki wala neno, na kamera imetulia tuli. Sowedi alikuwa na mzaha wake tayari, mzuri kweli, akafungua mdomo, usitoke.

Kumbe Maate anajua! Hilo lilimuuma kuliko ile redio. Mtu mbovu humwonei wivu kwa muda mrefu, unamcheka, unalala. Huyu alikuwa na kitu, na kitu hicho Sowedi alikitaka kiwe chake. Wivu ulimpanda mpaka ukapita pale pa kuharibu. Sasa alitaka kukinyakua, palepale, mbele ya mwenyewe. Akaisogeza maiki, akashusha sauti, akasema kama mjane wa mpakani:

"Hii fundo nilifunga miye, asubuhi ile. Yeye hakujuaka kufunga kamba. Mutazame, hakuna mutu ameifungua. Sasa bwana yangu alitokaje ndani?"

Yule dereva aliyefika mlangoni akarudi, akakuta nafasi yake imechukuliwa, akakaa chini. Kuanzia hapo Sowedi hakufanya mzaha tena. Kila Docus alipofumba mdomo, yeye akafungua wake, na wanawake wakajifuta machozi kwa vitenge. Hadi mwisho hakuna aliyetoka.

Nje, watu waliwazunguka Maate na Docus, aliyekuja kujitazama. Sowedi alitoka na maiki yake mkononi, akasimama karibu, akingoja fungu lake la sifa. Hakuna aliyemgeukia. Mama mmoja mchuuzi kutoka ng'ambo alimkumbatia Docus.

"Mama, ile maneno ya fundo, umetuua!"

Docus, ambaye hakutamka lolote pale kizingitini, alimtazama Maate. Mama naye akamgeukia Maate. "Ni weye uliandika? Maneno kama ile unatoaka wapi?"

Maate alimwona Sowedi, hatua moja tu kutoka kwake. Walitazamana. Sowedi akaona kwenye yale macho kitu anachokijua vizuri, maana alikuwa amelala nacho na kuamka nacho miezi yote ile.

"Yalikuja tu, mama," Maate akasema. "Niliyaandika kule Nyakalengija."

Damu ilimchemka Sowedi, kisha, ajabu, akatabasamu.

"Kweli kabisa," akamwambia yule mama. "Mwongozaji wetu iko na maneno. Ijumaa mukuje, atawaongelea yeye mwenyewe."

Akamwekea Maate maiki mkononi, akaondoka kuelekea sokoni. Maate akabaki ameishika, na watu wakampigia makofi, wakamwambia aseme kidogo.