Sehemu ya Kumi na Moja

Watu wa Kisangani wakikodi riwaya ya upelelezi dukani kwangu, huirudisha bila kurasa za mwisho. Wanaozichana ni wale wale wanaolalamika kwamba wenzao wamezichana. Karatasi ya riwaya ni laini, inafaa kufungia karanga, na jina la muuaji hukaa daima kwenye kurasa ambazo karanga zimeshapita nazo. Mume wangu Noël ndiye aliyepata dawa. Kila kitabu kilichokatwa mkia alikitafutia tamthilia ya Kijapani inayofanana nacho, akaitia kwenye flashi, akaifunga flashi juu ya jalada kwa mpira. Alimwambia mteja: soma hiki, halafu tazama hii, mwisho utaupata kwa Wajapani.

Na waliupata. Riwaya ya mwanasheria aliyetiliwa sumu katika hoteli ya mlimani ilikwenda na tamthilia ya mpishi wa Osaka aliyefia jikoni kwake. Riwaya ya dada wawili wanaogombea wosia ilikwenda na ile ya kiwanda cha sake, pombe ya mchele, ambacho mkurugenzi wake anaanguka ghorofani. Noël alikuwa akiwasifu Wajapani kwa sababu hawana papara: sehemu kumi au kumi na moja, kisha basi. Mpelelezi anakula tambi, anafikiri, anakula tambi tena. Mwishoni muuaji anafikishwa juu ya jabali kando ya bahari, upepo unampiga usoni, na anakiri yote huku analia. Hapa kwetu mtu anakana wizi wa kuku na kuku mwenyewe anapiga kelele ndani ya mfuko. Noël alilisema hilo kila wiki, na kila wiki alicheka peke yake.

Mteja wetu mkubwa hakulipa hata mara moja, kwa sababu alikuwa mama yake. Mama Émilie ni mzaliwa wa Isangi, aliuza samaki wa kukausha mtoni mpaka magoti yakamkatalia, na Kifaransa hakijui. Kwa hiyo mimi mkwewe, Munande wa Butembo niliyekuja huku kuuza vitenge nikaishia kuuza wauaji, nilimsomea riwaya kwa Kiswahili kila alasiri. Kisha tuliwasha televisheni nikamfasiria maandishi ya Kifaransa yaliyo chini ya skrini. Tulifanya hivyo miaka sita. Mama alikuwa mkali kuliko wapelelezi wenyewe.

"Ule mwenye lunettes," alikuwa akisema katika sehemu ya pili, akimwonyesha mwenye miwani, "angalia mikono yake. Ni yeye."

Na alikuwa yeye.

Mwezi wa tisa Noël alijaza sanduku la bati vitabu na flashi, akapanda balenieri, ile boti ndefu ya mbao, kwenda Basoko. Alisema huko watu wana kiu ya kusoma na hawana pa kukodi. Boti ilipinduka karibu na Yangambi. Walikuwa wameijaza watu na magunia kupita kiasi, kama kawaida yao, na hasira yangu juu ya jambo hilo haimrudishi mtu, basi naiacha.

Jephté alinusurika. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya boti na mti wake mrefu kupima kina cha maji. Alifika dukani Jumatatu asubuhi, akabaki mlangoni.

"Mama Kahambu, Noël alikamata malle yake, ile sanduku ya bati. Nikapiga makelele: achilia! Hakuachilia. Alienda nayo chini. Nilimuona na macho yangu."

Nilimuuliza kama Mama Émilie anajua. Akasema hapana. Nikamwapisha kwa jina la Bikira Maria asimwambie.

Nataka nieleweke. Katika ukoo wa Noël mke hatambui maiti. Mama aliyemzaa mtu ndiye anayefunua shuka kwanza. Akisema ndiye, basi ndiye, na kilio kinaanza. Bila mama, maiti haina jina. Kwa hiyo aliyetaka Noël azikwe kwa jina lake ilimbidi kwanza aende kwa Mama Émilie, ambaye alishazika watoto wanne, amwambie kwamba wa tano na wa mwisho naye amekwenda. Mimi nilikuwa mwoga. Nilijiambia, kesho.

Kesho yake nilimkuta ameketi mbele ya televisheni, mikono mapajani.

"Kahambu, mutoto yangu, leo hatuangalie?"

Nikamchagulia jozi. Kitabu kilikuwa cha baharia aliyepotea na kurudi nyumbani baada ya miaka miwili. Tamthilia ilikuwa ya mwalimu wa Kijapani anayetoweka, na katika sehemu ya kumi wanamkuta hai kisiwani, ndevu zimemjaa. Tuliimaliza kwa siku mbili.

"Bon," Mama akasema. "Huyu alirudia."

"Ndiyo, Mama. Wengi wanarudi."

Bila aibu nilisema hivyo. Siku iliyofuata nikatafuta mtoweka mwingine, lakini wanaorudi hai ni wachache sana, hata Japani. Huyu wa pili alikuwa amekufa. Katika sehemu ya tisa ikatokea picha yake kubwa yenye utepe mweusi, moshi wa ubani, na watu waliovaa nyeusi wakiinama mmoja mmoja.

"Pale banafanya nini?" Mama aliuliza.

"Ni siku yake ya kuzaliwa, Mama. Yeye yuko mbali, basi wanamkumbuka."

"Banavaa nyeusi juu ya anniversaire?"

"Ndiyo desturi yao."

Aliniangalia kidogo, kisha akaigeukia skrini. "Aa. Sawa."

Jumatatu ya pili redio ilitangaza kwamba miili iliyookolewa mtoni imeletwa mjini, iko katika chumba cha maiti. Jamaa waje kuitambua. Itakayobaki bila mwenyewe itazikwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa napika lituma, ndizi za kuponda, mwiko ukasimama mkononi. Mama alinyoosha mkono akaizima redio. Nilifikiri hakuwa amesikiliza, nikamshukuru Mungu, mjinga mimi.

Usiniulize kwa nini sikusema palepale. Mtu anayeuza miisho kwa miaka sita huzoea kumwachia mwingine aiseme. Sikuamua kusema. Niliamua tamthilia iseme badala yangu. Nikapekua duka zima mpaka nikapata jozi ya kufaa: riwaya ya mama anayemngoja mwanae bandarini, haina kurasa arobaini za mwisho, na tamthilia ya mama wa kijiji cha wavuvi huko Japani ambaye mwanae amezama. Katika sehemu ya kumi na moja wanampeleka kwenye chumba cheupe, na anafunua shuka kwa mkono wake. Hii nitaifasiri kwa haki, nikasema. Neno kwa neno. Tukifika pale, Mama ataelewa, na tutakwenda.

Jumatano nilimsomea kitabu. Alhamisi tulitazama sehemu tano. Ijumaa, saa nane mchana, katikati ya sehemu ya tisa, umeme ukakatika.

Tukangoja. Mimi nilikuwa na rimoti mkononi, Mama alikuwa akichambua pondu, majani ya muhogo. Mtaa mzima ulikuwa kimya isipokuwa jenereta ya kinyozi. Ningeweza kusema. Mdomo wangu hauhitaji umeme. Maneno matatu tu, Noël amekufa, Mama, na tungekuwa na alasiri nzima ya kufika huko. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nami methali hiyo naijua, nikaendelea kungoja.

"Courant itarudia," Mama alisema bila kuinua macho.

Ilirudi Jumamosi, saa saba mchana. Niliwasha haraka. Tukamaliza ya tisa, tukatazama ya kumi, na katika ya kumi na moja yule mama wa Kijapani akavua viatu, akaingia, akafunua shuka. Hakupiga kelele. Alisema jambo fupi.

"Anasema, ndiye mwanangu," nikafasiri. Nikamgeukia. "Mama, Noël..."

Lakini Mama alikuwa ameshasimama, anatafuta kitambaa chake cha kichwa. "Twende," akasema.

Tulichukua pikipiki mbili. Kwenye chumba cha maiti mlinzi alitusikiliza kwa adabu, akafungua daftari, akafuata mistari kwa kidole. Wanaume kumi na wanne, wanawake sita, wote hawakutambuliwa. Walikuwa wameondoka saa mbili asubuhi. Alituelekeza makaburini, upande wa mwisho, karibu na ukuta.

Nilitegemea kuona makaburi ishirini. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri kama wale wapelelezi wetu: tutauliza nani alikuwa na kovu, nani alikuwa mrefu, nani alivaa shati la buluu, tutampata. Palikuwa na shimo moja, refu, limeshafukiwa. Udongo wake mwekundu ulikuwa bado na alama za majembe. Mchimbaji mmoja, mtu mzima, alikuwa ameketi kando akifunga kidonda cha mguuni.

Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe wangu. "Mama, unisamehe. Jephté aliniambia tangu Jumatatu ya kwanza. Nilijua."

"Miye pia," akasema.

Sikumwelewa. Akaketi chini kwenye majani, magoti yake yalikuwa yanamuuma, na akaongea taratibu huku anautazama ule udongo.

"Jephté alifika kwangu ile lundi, ile Jumatatu yako, mangaribi. Hakusema kitu, alilia tu. Donc nikajua. Nikamuapisha asikuambie kama najua. Nikasema, ule mutoto ya Butembo hajue mayi ya mto, acha aamini kidogo. Siku yenye atasema yeye mwenyewe, tutaenda pamoja."

"Lakini ulikuwa unaniuliza, Mama. Ulikuwa unasema amerudi."

"Nilikuwa nakuangalia weye, si televisheni. Miaka sita unanionyesha matanga ya Bajapani, Kahambu. Sijue picha na ubani? Ukaniambia anniversaire. Nikaona namna mikono yako inakaza rimoti, nikasema, hapana, hayuko tayari. Hata redio nikaizima juu yako, nikangoja."

Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige mbele ya yule mchimbaji, na ningemshukuru. Alininyooshea mkono nimsaidie kusimama, nikamsaidia, na mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Siku kumi na mbili tuliketi kwenye kiti kimoja, kila mmoja akimhurumia mwenzake, na katika siku sita za mwisho Noël alilala umbali wa dakika ishirini kwa pikipiki, akimngoja mama yake afunue shuka. Sina neno la kulainisha hilo. Nimelitafuta.

Mama alitembea kutoka ncha moja ya shimo hadi nyingine, akarudi. Kisha akamuuliza mchimbaji vichwa vililazwa upande gani, ili ajue pa kusimama.

Mchimbaji aliutazama ukuta, akatazama njia, akafikiri kweli kweli. Akasema hawezi kumdanganya mama wa watu. Mvua ilikuwa inakuja na walifanya haraka. Wengine waliwalaza huku, wengine kule.