Mgomba Juu ya Kaburi la Kyaruzi

Pa, pa, pa. Ukungu ulikuwa umeimeza Kemondo yote asubuhi ile, ziwa halionekani wala barabara, lakini Datius aliijua sauti hiyo kabla hajafika ofisi ya kijiji. Ilikuwa orodha ya wapiga kura aliyoibandika ukutani, upepo wa ziwani ukiichezea. Alipokaribia, karatasi zikajitokeza, na mbele yake Renatha, jirani yao, kashika kiuno.

"Mwandishi, waitu, mama yangu ulimfuta juzi kabla chai yako haijapoa. Nikasaini, nikalia, nikaenda zangu. Sasa nisomee hapa, namba mia mbili na kumi na nne."

Datius hakuhitaji kusoma. Kyaruzi Rugambwa. Baba yake.

"Wa wenzio unawafuta, wa kwenu unamlea! Mwambie siku ya kura awahi, foleni itakuwa ndefu."

Maneno yalimchoma. Alipotumwa kutoka Bukoba mjini kuandikisha wapiga kura, Datius alijiapiza kuwa na daftari safi kuliko vituo vyote: asibaki aliyehama, asibaki aliyekufa, lisibaki jina ambalo mjanja anaweza kulivaa. Alikwisha kuondoa majina kumi na tisa. Lilibaki moja, na leo ilikuwa siku ya mwisho. Fomu ya kumwondoa marehemu husainiwa na mwenzi wake au mtoto wake, na mwandishi haruhusiwi kusaini ya nyumba yake. Wa kusaini alikuwa mama, Alistidia, na mama alikuwa amekataa mara tatu.

Mchana alipanda kwao pamoja na Rwegasira, baba yake mdogo. Walimkuta mama kibanjani, kwenye shamba la migomba, ameketi kando ya kaburi.

Miaka tisa iliyopita Kyaruzi alipakia ndizi mtumbwini kwenda kisiwa cha Bumbire, upande wa Muleba, na ziwa halikumrudisha. Kwa kuwa mwili haukupatikana, ndugu walikata mgomba wa kimo chake, wakauvika kanzu yake, wakauzika. Baada ya mwezi mmoja, kaburi likachipua. Sasa migomba saba ilisimama pale, na chini ya majani mwanga ulikuwa wa kijani, unayumba kama maji. Kila alipoingia humo, Datius alihisi ziwa limesimama juu ya kichwa chake, na mahali fulani, taratibu, baba anatembea chini kabisa na mkungu begani.

"Sisaini," mama alisema kabla hajaulizwa. "Maiti haichipui."

"Mama, mtu mwingine atakuja kituoni aseme yeye ndiye Kyaruzi."

"Na Kyaruzi mwenyewe akirudi, akute mwanawe kamfuta?"

Rwegasira, ambaye hakukosa mzaha hata msibani, alivua kofia.

"Shemeji, ule mgomba niliukata mimi."

"Najua."

"Hujui. Wa kuzika hukatwa juu ya ardhi, tunguu lake lenye mizizi libaki shambani. Siku ile mvua inanyesha, mimi nalia, panga butu. Nikaung'oa mzima, tunguu nikalificha ndani ya kanzu. Ungechipua popote. Ulipoanza kushangilia, ningekwambiaje?"

Mama aliitazama migomba. Majani yalipigana polepole juu yao.

"Na ndizi zake umekula hapa kwangu miaka yote."

"Nimekula."

"Hukukataa hata sahani moja!"

"Zilikuwa tamu, shemeji."

Mama alicheka, kicheko kikageuka katikati, akajifunika uso kwa kitenge. Walimwacha alie. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete karatasi."

Aliandika jina lake herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza, hakuiachia kalamu.

"Hata misa sikumwombea, kwa sababu ya migomba hii. Ukilitoa huko daftarini, jina lake litakaa wapi?"

Datius alipiga goti kwenye majani makavu, akamshika mikono yote miwili.

"Jumapili nitampelekea padri alisome kwenye misa ya marehemu, mama. Likisomwa nitasimama mbele ya watu wote niseme mimi ni mwanawe. Na migomba hii, nakuahidi, haikatwi na mtu nikiwa hai."