Bata wa Kidoti

Mama alikuwa anapiga pasi mashati ya mumewe wakati mwanawe, Kidoti, aliporudi kutoka shule, bata nyuma yake. Alikuwa bata mweupe wa kawaida, miguu imejaa vumbi. Alipanda ngazi pamoja na mtoto, akaingia jikoni, akasimama kando ya jiko na kusema, "Mkono wako mchafu. Kanawe kwanza."

Sauti ilikuwa ya mtoto wa kike. Mama aliitambua: ya binti wa mwenye duka la dawa, rafiki wa Kidoti tangu chekechea.

"Umemtoa wapi huyu?"

"Amenifuata. Tulikuwa tunacheza duara, nikampa rafiki yangu mkono, akasema hivyo. Nikaenda kunawa. Niliporudi akautazama, akasema bado mweusi. Nikageuka, nikamkuta bata nyuma yangu."

Mama alizima pasi. Vidole vya mwanawe vilikuwa vimechubuka kwa kusuguliwa. Akavipaka mafuta polepole; alilotaka kusema lilikuwa refu na alitaka baba mtu awepo.

Baba Kidoti alikuwa fundi wa lifti. Alirudi jioni, akamwona bata, akatua begi lake la vifaa.

"Mpeni maji," alisema. "Wakiwa wapya huwa na kiu."

"Leo mwambie mtoto," mama alisema.

"Wa darasa la pili huyu, nimwambie nini? Atasahau."

"Wewe ulisahau?"

Fundi alikwenda kuoga. Wakati wa kula bata alikaa chini ya meza akirudia maneno yake bila hasira, kama redio ya jirani. Kidoti hakugusa sahani.

"Baba, hii inatoka kwa sabuni gani?"

Fundi aliweka kijiko chini. Akaenda stoo, akarudi amempakata bata mzee mwenye jicho moja, manyoya yamemnyonyoka shingoni. Akamweka juu ya meza. Bata mzee akasema kwa sauti ya mwanamke mtu mzima, "Mwanangu asikae dawati moja na huyu."

"Nilimpata nikiwa kama wewe," baba alisema. "Kila nikihama nahama naye."

Mama naye akainuka, akafunua kapu la nguo za kufua. Wake alikuwa mdogo, msafi, na alizungumza kwa upole sana: "Ni mzuri, ingawa ni mweusi."

"Kumbe ni wako," mumewe alisema. "Miaka yote hii nilidhani ni wa jirani."

"Wangu ana adabu. Ndiyo maana hasikiki."

Basi wakazungumza, na bata watatu katikati yao. Walimwambia Kidoti kwamba haitoki kwa sababu si uchafu. Rangi hiyo aliipata kwa bibi mzaa baba, pamoja na kile kicheko chake cha kupaliwa. Walimwambia darasani mwao kuna watoto wa rangi nyingi, na kwamba baadhi yao nyumbani wamefundishwa kuzipanga rangi hizo kwa madaraja, kama viazi sokoni. Mama alisema kuna watu watakaompenda bila kujali hilo na wengine watakaomwekea mipaka, na hataweza kuwajua kwa kuwatazama usoni.

"Rafiki yangu mbona hana bata?" Kidoti aliuliza.

"Bata humfuata aliyeambiwa," mama alisema. "Aliyesema hurudi kwao peke yake."

"Si haki."

"Si haki," baba alikubali.

Kidoti alifikiri kidogo, akavuta sahani yake, akala chakula kilichopoa hadi kikaisha.

Asubuhi wazazi walimpeleka shuleni wenyewe. Mwalimu mkuu aliwakaribisha viti na kumpapasa bata mgongoni. Alikuwa mtu mwema. Alisema shule yake ina watoto wa kila asili na wanajivunia hilo, ndiyo maana wana banda. Aliwapeleka nyuma ya jiko la shule kulitazama. Lilikuwa kubwa, limefagiwa, na bata walijaa humo, kila mmoja akisema lake kwa sauti za watoto.

"Na waliosema?" mama aliuliza.

"Hao hawana bata, mama. Nitaanzia wapi kumwadhibu mtoto asiye na bata?"

Kidoti aliagana na bata wake, akaingia darasani. Ikawa hivyo kila siku: asubuhi anamwacha, mchana anamchukua.

Muhula ulipokwisha banda lilikuwa halitoshi tena. Wazazi waliitwa kuja kulipanua, na fundi wa lifti alikwenda na koleo zake. Mwenye duka la dawa alikuwa ameshafika. Alikuwa amekunja mikono ya shati na kuleta misumari ya kutosha, na alimsalimia vizuri, akamuulizia mama Kidoti na hali ya kazi. Walifanya kazi pamoja, mmoja akishika wavu, mwingine akigongomea.

"Binti yangu anawapenda sana hawa," mwenye duka la dawa alisema. "Kila siku ananiuliza mbona wenzake wanao na yeye hana."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia tutamnunulia."

Fundi alikaza waya uliokuwa mkononi mwake, akakata kilichozidi. Ndani, bata walikuwa wameanza kuhamia upande mpya.