Picha ya Milembe

Feni ya dukani ilikuwa ikizunguka, lakini jasho lilimtiririka Nasma mgongoni kana kwamba imezimwa. Saa tano kasorobo. Kwa mara ya tisa asubuhi hiyo aliifungua orodha ya mifugo, tovuti ambayo chama cha wafugaji wa bondeni kilimkabidhi aitunze, na kwa mara ya tisa akamwona ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni. Chini yake liliandikwa jina: Milembe.

"Huyu hapa, mzee," alisema, akiigeuza kompyuta.

Mzee Mayunga, mwenye ng'ombe, alikuwa amekataa kiti. Tangu afike alitembea kati ya mashine ya kudurufu na mlango, fimbo yake ikigonga sakafu.

"Kama yuko hapa, mwanangu, mbona Malinyi hayupo?"

Ndilo swali lililomnyima Nasma utulivu. Mafuriko yalipoyavunja mazizi, Milembe alisombwa, akaokotwa upande wa Malinyi na kufungiwa pamoja na mifugo iliyopotea. Mtu mwingine alikwisha kumdai. Mtunza zizi, Wendelin, alifuata kanuni moja: ng'ombe hutolewa kwa yule ambaye picha ya ng'ombe wake imo katika orodha. Picha za kutumiwa kwa simu alizikataa tangu mwaka uliopita, wajanja walipozoea kupiga picha juu ya ua wa zizi na kujifanya wenye mali. Saa sita angeamua.

Simu ikalia.

"Dada Nasma, bado ninamwona mweusi," alisema Wendelin. "Mweusi tititi, pembe moja imevunjika. Aliyemo zizini ni mwekundu. Au nimpake rangi?"

"Fungua tena, kaka."

"Nimefungua mpaka kidole kimechubuka. Na huyu bwana ananisimamia kama askari."

Nasma alikata simu, akamgeukia Mayunga. "Mzee, uliwahi kuwa na ng'ombe mweusi aliyevunjika pembe?"

"Milembe."

"Milembe si mwekundu?"

"Huyo mweusi ni mama yake. Alikufa mwezi wa pili. Alikuwa ng'ombe wa marehemu mke wangu, na nyumbani kwangu mama akifa, binti hulichukua jina. Nilikuletea picha mpya, ukaiweka mwenyewe."

Aliiweka, naam, mahali pa ile ya zamani, kwa jina lile lile. Hapo akaelewa. Mwezi wa kwanza alikuwa amezihamisha picha zote kutoka kompyuta ya dukani, ambayo umeme ukikatika nayo hunyamaza, akazipeleka katika hifadhi ya kukodi mtandaoni. Kisha akaiunganisha hifadhi hiyo na mtandao wa usambazaji, ambao huweka nakala katika vituo vya miji mbalimbali ili kila msomaji aletewe picha kutoka kituo kilicho karibu. Watu wa Malinyi walimshukuru kwa wepesi wake. Ni yeye aliyeagiza kila nakala idumu mwaka mzima. Picha ya ng'ombe, alijiambia, haibadiliki. Jina lilipobaki lile lile, vituo havikuuliza kitu. Viliendelea kumgawa marehemu. Kompyuta yake peke yake ndiyo iliyosoma moja kwa moja kutoka hifadhini.

Akaamuru nakala zote vituoni zifutwe. Akangoja. Akapiga simu.

"Mweusi," alijibu Wendelin. "Nimemtazama mpaka nimezoeana naye."

Basi hata simu ya Wendelin ilikuwa imejiwekea nakala yake. Saa tano na nusu. Nasma alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Mzee, lazima nibadilishe jina."

Fimbo ikanyamaza. "La Milembe? Hapana."

"Niandike Milembe wa pili."

"Hakuna wa pili. Aliyepo ndiye yeye. Nikimpokonya jina, nitampeleka nyumbani kama nani?"

"La ng'ombe silibadilishi. Litabaki palepale chini ya picha, kila mtu alisome. Ninabadilisha la picha yenyewe, ambalo watu hawalioni, vituo ndivyo vinavyolitumia."

Mayunga alitazama ukutani, mahali ambapo saa ilikuwa ikisonga.

"Kama hawalioni," alisema hatimaye, "andika Nkwimba, jina la marehemu mke wangu. Ndiye aliyekuwa akimkamua."

Vidole vya Nasma vilikosea mara mbili. Akaipakia picha, akaurekebisha ukurasa uiite kwa jina jipya, akampigia Wendelin. Akamsikia akivuta pumzi.

"Mwekundu! Baka ubavuni, sikio la kushoto lina pengo. Bwana, samahani, shika njia yako. Dada, mwambie mzee aje na kamba."

Mayunga alikwisha kutoka; fimbo yake ilisikika ikigonga kuelekea stendi.

Nasma hakuketi. Aliipitia orodha kwenye simu yake, jina baada ya jina. Kabula. Holo. Ni nani kati ya hawa aliyekwisha kumwachia binti yake jina? Mto haukuwa umepungua. Akampigia mwenye Kabula.

"Shikamoo, mama. Samahani kukuuliza. Kabula wako, yule wa kwanza kabisa, bado yu hai?"